Kupaka, kupakaza na kukashifu: neno la Kiingereza “smear” mbele ya mfasiri wa Kiswahili

Mwanafunzi wa ufasiri akikutana na kitenzi cha Kiingereza “smear” katika habari ya siasa, aghalabu huandika kashifu na kupita. Sentensi husimama, msomaji huelewa kwamba mtu fulani amesemwa vibaya, na msahihishaji hatii alama nyekundu. Hata hivyo fasiri hiyo ina kasoro, tena si kasoro ya urembo wa lugha tu bali ya hukumu: kwa neno moja mfasiri amekwisha kuamua nani mkweli na nani mwongo, wala hakuna aliyemwuliza.

Kashifu ni neno lililotoka katika Kiarabu, na asili yake ni kufunua, kuondoa kifuniko. Masufi hulitumia kwa ufunuo wa mambo yasiyoonekana, ambao ni daraja ya heshima. Katika Kiswahili neno limeteremka kutoka huko hadi sokoni, lakini sura ya kufunua haijaliacha. Anayemkashifu mwenzake hutoa hadharani kilichokuwa kimesitirika. Na kashfa, kama magazeti yanavyolitumia neno hilo, ni jambo baya lililogunduliwa: kashfa ya zabuni, kashfa ya dawa za hospitali, kashfa ya mishahara hewa. Ni kweli kwamba matumizi yamepanuka, hata mtu aliyetukanwa tu huweza kulalamika kwamba amekashifiwa. Lakini msikilizaji akisikia kashfa, swali linalomjia kwanza ni: kumefichuka nini? “Smear” hushika njia ya kinyume. Haifunui kitu, bali hufunika. Huchukua uso uliokuwa safi na kuutandaza juu yake kitu kinachonata, mpaka anayetazama hawezi tena kutofautisha ngozi na kilichopakwa. Mwenye kukashifu humvua mtu nguo. Mwenye “smear” humvisha asizozishona.

Tofauti hii haikuwamo katika neno tangu mwanzo. Katika Kiingereza cha kale, kabla ya Wanormani kuvuka bahari mwaka 1066, kitenzi smerian kilikuwa ndugu wa jina smeoru, yaani mafuta ya mnyama, shahamu. Ndugu zake wangaliko katika lugha jirani: Waswidi huita siagi smör, na Wajerumani husema schmieren kwa kupaka grisi. Uchafu haukuwa sharti. Wafasiri wa Injili wa zama hizo walikitumia kitenzi hicho hicho kwa kupaka mafuta matakatifu, bila haya yoyote. Baadaye Kifaransa kikaleta neno jingine, lenye asili ya Kilatini, ambalo ndilo Kiingereza kinalolitumia hadi leo kwa kutawaza wafalme na kuwapaka wagonjwa mafuta ya baraka: “anoint”. Tangu karne ya 14 neno hilo la kigeni likachukua kazi ya madhabahuni. La wenyeji likabaki na grisi, damu, tope na wino uliochuruzika. Si neno la kwanza kupatwa na hali hiyo. Katika Kiingereza mara nyingi neno la mkulima na neno la bwana mkubwa hugawana kazi moja, na si vigumu kubashiri ni lipi litakalopewa jikoni.

Inafaa kutazama kwamba mafuta yenyewe, katika lugha nyingi, huishia pabaya. Kwa Wajerumani fedha ya grisi, Schmiergeld, ni hongo. Kwa Wafaransa kulainisha kiganja cha mtu kwa mafuta, graisser la patte, ni jambo hilo hilo, na hakuna Mkongo aliyepita mbele ya dirisha la ofisi asiyeuelewa usemi huo. Kwa Waingereza kitu kinachoteleza kikawa cha kumharibia mtu jina. Kiswahili nacho kina cha kwake: kumpaka mtu mafuta kwa mgongo wa chupa, yaani kumlainisha kwa maneno matamu ilhali hakuna tone linalomfikia. Sifa ya uongo na lawama ya uongo zimetoka katika kibuyu kimoja.

Lakini Kiswahili hakikufanya kama Kiingereza. Kitenzi paka hakikugawanywa. Mpakwa mafuta ni mfalme, na katika Biblia ni jina la Masihi mwenyewe. Mwenye kupaka rangi ni fundi wa nyumba. Mwenye kupaka matope ni adui. Kiebrania hufanya vivyo hivyo: kitenzi kilichozaa jina la Masihi ndicho kinachotumika katika Yeremia 22:14 kwa nyumba inayopakwa rangi nyekundu. Katika lugha hizi mbili heshima au fedheha haimo katika tendo la mkono, imo katika kilichomo mkononi. Ndiyo maana Mswahili anayetaka kusema mabaya ni lazima ataje kitu: matope, au, kwa watu wa pwani, shombo. Hili la mwisho ni kali kuliko la kwanza. Tope huonekana na hukauka na hubanduka. Shombo ya samaki haionekani, nayo humtangulia mtu mlangoni hata kama hajagusa samaki maisha yake yote. Mfasiri wa habari za siasa ambaye kila “smear” kwake ni kupaka matope amechagua picha iliyo nyepesi, kwa sababu ndiyo iliyozoeleka.

Hata hivyo Kiswahili kina njia nyingine, na hapa wasemaji wa Kongo wana jambo la kuwafundisha wenzao wa pwani. Pwani husemwa kupakaa mafuta. Bukavu na Lubumbashi watu husema kupakala mafuta. Mwalimu mwenye Kiswahili sanifu huikata ile l kwa kalamu nyekundu, akidhani ni makosa ya kienyeji. Si makosa. Ni sauti ya zamani ambayo Kiswahili cha pwani kiliipoteza kati ya irabu mbili, kama kilivyofanya katika maneno mengi, wakati lugha za bara ziliihifadhi; Kilingala nacho husema kopakola. Tena sauti hiyo iliyopotea ndiyo inayoeleza kitenzi ambacho pwani inacho na inakitumia kila siku bila kujua kilikotoka: pakaza. Katika kauli ya kutendesha l hugeuka z: lala huzaa laza. Jaa, ambayo zamani ilikuwa na l, huzaa jaza. Potea huzaa poteza. Basi pakaza haikuzaliwa na paka moja kwa moja, bali na pakala. Anayetaka kujua kwa nini kuna z katika neno la Dar es Salaam hana budi kuisikiliza l ya Lubumbashi.

Na pakaza ndicho kitenzi kinachoikaribia “smear” kuliko vyote. Mtoto aliyekula embe hupaka nguo, lakini akizidi hupakaza: huieneza maji ya embe pasipo mpango, pale pasipostahili. Kutoka hapo neno limekwenda lenyewe, bila msaada wa Kiingereza, hadi kwenye sifa za watu. Likiongezwa kauli ya kutendea, linakuwa pakazia: kumbandika mtu kosa lisilo lake. “Wamenipakazia” ni kauli ya mtu anayekana. Hakuna anayesema amepakaziwa jambo alilolitenda kweli, isipokuwa anadanganya. Uongo umo ndani ya neno, kama ulivyomo ndani ya “smear” ya wanasiasa, na umeingia kwa nguvu ya unyambulishaji tu. Kiingereza kilihitaji kukopa neno la Kifaransa ili kutenga kilicho safi na kichafu. Kiswahili kilitumia viambishi vyake. Wanaosema kwamba lugha za Kibantu hazina maneno ya kutosha kwa mawazo yasiyoshikika wangepaswa kukaa kidogo na kitenzi hiki.

Jaribio zuri la hoja hii ni tamthilia ya Shakespeare juu ya Macbeth, iliyochapwa mara ya kwanza mwaka 1623 na kutiwa katika Kiswahili na S. S. Mushi mwaka 1968. Katika tendo la pili, onyesho la pili, Macbeth amekwisha kumwua mfalme Duncan, naye ametoka na majambia mkononi badala ya kuyaacha karibu na walinzi waliolala kwa ulevi. Mkewe anamwamuru ayarudishe na kuwapaka walinzi hao damu. Kitenzi ni “smear”. Macbeth anakataa kurudi. Mke anakwenda mwenyewe. Wafafanuzi wengi hutazama zaidi maneno yanayofuata punde, ambamo Shakespeare anacheza na maneno mawili ya Kiingereza yanayofanana sauti, moja lenye maana ya kupaka dhahabu na jingine lenye maana ya hatia. Mchezo huo kila mfasiri huuonea huruma, kwani katika Kiswahili dhahabu na hatia hazina udugu wa sauti.

Lakini kitenzi cha kwanza ndicho chenye uzito. Enzi za Shakespeare “smear” ilikuwa bado ni ya damu na mafuta. Maana ya kampeni za siasa ilikuja baadaye sana. Hata hivyo mwanamke huyu anafanya kwa kidole kile ambacho wanasiasa wa karne ya 20 walikuja kukifanya kwa gazeti. Anachukua damu ya kweli, ya mauaji ya kweli, na kuihamisha kutoka mikono iliyoua hadi nyuso zisizoua. Kisha jambo linaendelea kwa utaratibu wa kutisha. Asubuhi Macbeth anawaua walinzi, akijidai ameghadhibika, nao hawapati kufungua kinywa. Wana wa mfalme wanatoroka, Malcolm kwenda Uingereza na Donalbain kwenda Ireland. Na katika onyesho la nne Macduff anaeleza kwamba walinzi yasemekana walitumwa na watu wengine, na kwamba kutoroka kwa wana wa mfalme kumewatia katika shaka. Damu iliyopakwa kwenye nyuso mbili imeenea hadi kwa watu wawili wengine, wasiokuwapo wala kuguswa. Hii ndiyo kazi ya pakaza hasa: kueneza.

Kwa hiyo Kiswahili, ambacho hakiwezi kuufuata mchezo wa dhahabu na hatia, kina mchezo wa kwake mahali pale pale, ambao Shakespeare hakuwa nao. Mke wa Macbeth akiambiwa na mfasiri aseme kwamba wakipakwa damu watapakaziwa mauaji, msikilizaji wa Kiswahili hupata kwa sikio moja tendo la mkono na tendo la ulimi. Hasara ya mstari mmoja hulipwa kwa mstari uliotangulia. Wahakiki wa fasiri wamezoea kuhesabu kilichopotea. Ni haki pia kuhesabu kinachoweza kupatikana.

Mfano wa pili ni mfupi. Katika Zaburi 119:69 mwenye kuomba analalamika juu ya wenye kiburi na uongo wao. Kitenzi cha Kiebrania ni tafal, ambacho ni kukandika, kupaka kama fundi anavyopaka ukuta udongo. Segond katika Kifaransa hakuiona picha hiyo au hakuitaka, akasema wanawaza uongo; wafasiri kadhaa wa Kiingereza wa karne ya 20 waliirudisha kwa “smear”. Biblia ya Muungano ya mwaka 1952 ina zulia. Si chaguo baya: zua asili yake ni kutoboa, na mwenye kuzua hutoboa tundu ukutani palipokuwa pazima. Lakini nyumba imebadilika. Katika Kiebrania ukuta umefunikwa; katika Kiswahili umetobolewa. Pakazia ingaliuhifadhi udongo wa fundi, tena wasomaji wa Kiswahili, ambao wengi wameona kwa macho nyumba ikikandikwa, wangaliielewa picha hiyo kuliko Mwingereza wa London.

Jambo lenyewe linakuwa zito linapotoka vitabuni. Tarehe 9 Februari 1950, mjini Wheeling, Marekani, seneta Joseph McCarthy wa jimbo la Wisconsin alidai ana orodha ya wakomunisti walioajiriwa katika wizara ya mambo ya nje. Idadi iliyotajwa ilibadilika: 205, kisha 57, kisha 81. Tarehe 1 Juni mwaka huo seneta Margaret Chase Smith wa Maine, wa chama kile kile, alisimama katika Baraza na kuitaja “smear” kuwa mmojawapo wa wapanda farasi wanne wa usingiziaji, pamoja na woga, ujinga na chuki. Hapo neno lilipata uzito wake wa kisiasa. McCarthy alikemewa rasmi na Baraza mnamo Desemba 1954, kwa kura 67 dhidi ya 22. Lakini katika miaka hiyo minne na zaidi yeye mwenyewe alilitumia neno lile lile: kila aliyemuuliza ushahidi, yeye alimwita mpakaji. Neno la kumtetea aliyesingiziwa likawa ngao ya msingiziaji.

Hapa ndipo mfasiri anapokamatwa. Mwanasiasa aliyeshutumiwa kwa wizi anasema kwamba hiyo ni “smear” ya maadui zake. Gazeti likiandika kwamba maadui wamemkashifu, linadokeza kuwa wizi upo nao umefichuliwa. Likiandika kwamba wamempakazia, linamwosha kabla ya hakimu kufungua faili. Neno la kwanza liko upande wa mshitaki, la pili upande wa mshitakiwa. Mwandishi mwangalifu ataandika kwamba mwanasiasa anadai kupakaziwa, akiliacha neno kinywani mwa mwenyewe. Au, akisema kwa sauti yake, atatumia chafua jina, ambalo hueleza matokeo bila kutaja kama kilichochafua ni kweli au uongo. Jina huchafuka kwa yote mawili. Usemi wa kampeni chafu, na ule wa Tanzania wa siasa za maji taka, una upungufu wa namna nyingine: unalaani mashindano yote kwa jumla, na aliyepakaza na aliyepakaziwa hutumbukia katika mfereji mmoja.

Mahakamani kosa hilo lina bei. Sheria ya adhabu ya Kongo, iliyotokana na amri ya tarehe 30 Januari 1940, hutenganisha mambo ambayo mazungumzo ya kila siku huyachanganya. Kifungu cha 74 humwadhibu, kwa kifungo cha siku nane hadi mwaka mmoja au kwa faini, mtu anayemtajia mwingine, kwa ubaya na hadharani, jambo mahsusi linaloweza kuharibu heshima yake. Maneno ya kifungu hayasemi kwamba jambo hilo ni lazima liwe la uongo. Kifungu cha 75 ni cha matusi ya hadharani. Kifungu cha 76 ni cha anayepeleka kwa wakubwa mashitaka ya kumsingizia mtu. Mkalimani wa Goma au Kalemie ambaye kwake vifungu vyote vitatu ni kuchafua jina hamsaidii mzee aliyesimama mbele ya hakimu. Kwa kifungu cha 74, kashifu inafaa kuliko neno lolote, kwa sababu inachukua mzigo wa kufunua bila kuuliza ukweli. Kwa kifungu cha 75, tukana inatosha. Kwa kile cha 76, Kiswahili kina chongea, neno kavu lililotokana na kuchonga: mtu hukaa kando, akachonga habari mpaka iwe na ncha, kisha akaipeleka kwa mwenye mamlaka. Hakuna neno la Kifaransa linaloeleza kazi hiyo kwa picha iliyo wazi kiasi hicho.

Wanazuoni wa Kiislamu wa pwani nao wana mgawanyo wao, ulio mkali kuliko wa mawakili: kumsema mtu nyuma yake kwa la kweli ni kumsengenya, na ni dhambi, kumsema kwa la uongo ni buhutani, na ni dhambi kubwa zaidi. Kiingereza hakina neno moja la kawaida kwa ile ya kwanza lenye uzito wa sengenya, na wafasiri wanaokwenda upande huo, kutoka Kiswahili hadi Kiingereza, hupata taabu ambayo mara nyingi haitajwi.

Umebaki upande wa maabara, ambao hauhitaji maneno mengi. Kwa daktari wa Kiingereza “smear” ni tone la damu lililotandazwa juu ya kioo ili kutafuta vimelea vya malaria, au seli za mlango wa kizazi zinazochunguzwa kwa njia ya Papanicolaou. Katika hospitali za Kongo huitwa kwa Kifaransa frottis, na mhudumu anayemweleza mama kwa Kiswahili husema damu itapakwa kwenye kioo. Hasemi itapakazwa. Hakuna aliyemfundisha kuepuka kiambishi hicho.

Kamusi zijazo zingefanya vema kuandika pakala na pakaza katika ingizo moja, zikionyesha njia ya l hadi z, na kuipa pakazia nafasi yake mbali na kashifu. Zingeweza pia kutaja jambo moja la sarufi: Kiswahili kina kauli ya kutendua, ambayo kwayo funga huwa fungua na umba huwa umbua, neno jingine la kufedhehesha. Paka haina. Pakua ipo, lakini ni ya chakula kinachotolewa chunguni, nayo imekwenda na pakia, si na paka. Kwa kilichopakwa kuna futa, osha na sugua, vitenzi vya mtu mwingine, vinavyohitaji maji na muda.